Uzi wa Njano Kwenye Pindo la Adui

SEHEMU YA SABA

Vidole vya Bi Mkasi vilikuwa bado vimeling'ang'ania pindo la lile gauni, na gauni lenyewe halikuwa lake.

Mliokuwa nasi wiki jana mnakumbuka tulipomwacha: ukumbi wa zabuni, meza ndefu ya sampuli, na mbele yake gauni la wagonjwa lililoletwa na mzabuni namba nne. Mpinzani wake. Aligeuza pindo ili autazame mshono, kwa ugonjwa ule wa mafundi wa kutoweza kuipita nguo bila kuipekua. Na ndani ya pindo, kwenye kona, akakuta kitu kilichomkausha mate.

Mishono miwili ya uzi wa njano.

Kwa macho yako na yangu, huo ni uzembe wa fundi. Kwa Bi Mkasi, ile ilikuwa saini.

Katika karakana yake kila mshonaji ana rangi yake. Mama Vifungo ana bluu. Yule mrefu wa kando ya mlango ana kijani. Nguo ikiisha, mshonaji huacha mishono miwili ya rangi yake ndani ya pindo, mahali ambapo mvaaji hapaoni. Nguo ikirudi imefumuka, hakuna kusutana wala kuapizana: pindo linageuzwa, mwenye rangi anaitwa, anakaa, anashona upya. Utaratibu huo aliuanzisha Bi Mkasi mwenyewe, miaka kumi na moja iliyopita, na hakuna karakana nyingine inayoufuata.

Na njano ni ya mtu mmoja tu chini ya jua.

Wifi yake. Mke wa kaka yake. Mshonaji wake wa kwanza.

"Mama wa namba mbili," Afisa Ugavi aliita kutoka mwisho wa meza. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye miwani na sauti ya kusoma tangazo. "Kuna tatizo?"

Ukumbi mzima ukageuka.

Namba mbili ndiyo Bi Mkasi. Walianza wazabuni wanne. Namba moja na namba tatu walianguka asubuhi ile ile, mmoja kwa mhuri, mwingine kwa ukurasa uliopotea. Walibaki wawili. Kilichokuwa kikigombewa ni kushona magauni na mashuka ya hospitali kuu kwa miaka miwili, na kwa mara ya kwanza kazi hiyo ilitengwa kwa kampuni za wanawake tu. Miaka mitatu Bi Mkasi na wenzake waliipigania. Waliandika barua mpaka wakajua harufu ya gundi ya kila bahasha. Walikaa kwenye mabenchi ya ofisi mpaka walinzi wakaanza kuwaita shangazi.

Sasa kazi iko mezani, na uzi wa njano uko mkononi.

"Hakuna tatizo," Bi Mkasi alisema. "Nautazama mshono. Ni mzuri."

"Mzuri, eh?" Mtu alicheka nyuma yake. "Nitamfikishia salamu mkurugenzi wetu. Atafurahi kusifiwa na mkongwe kama wewe."

Kalamu Tatu!

Mji mzima unamjua kwa kalamu tatu zilizosimama kwenye mfuko wa shati lake, ingawa hakuna aliyewahi kumwona akitia saini chochote kwa mkono wake. Zabuni ya saruji, yupo. Zabuni ya chaki, yupo. Zabuni ya kunyonya vyoo, yupo, tena kavaa viatu vyeupe. Leo zabuni imetengwa kwa wanawake, na bado yupo. Anajiita mshauri.

"Na huyo mkurugenzi wenu yuko wapi?" Bi Mkasi aliuliza. "Wiki ya tatu hatumwoni."

"Ana udhuru. Si unajua mambo ya wanawake."

"Siyajui. Nieleze."

Karani aliyekuwa akiandika kumbukumbu alificha uso wake ndani ya daftari. Mabega yalikuwa yakimtikisika kwa kicheko.

Kalamu Tatu akatabasamu tu. Mtu mwenye uhakika wa kushinda hapotezi muda kujibu.

Bi Mkasi alilirudisha gauni mezani. Angenyamaza pale, hadithi yetu ingekuwa fupi. Lakini mdomo ukatangulia kabla ya akili.

"Afisa, naomba kuuliza. Sampuli mbili zikiwa zimeshonwa na mkono mmoja, inakuwaje?"

Kalamu ya Afisa Ugavi ikasimama. Hakufungua kitabu, kanuni zote alikuwa nazo kichwani.

"Kifungu cha kumi na tisa. Wazabuni wawili wakitumia fundi mmoja, jengo moja au mtaji mmoja, wamekula njama. Wote wawili wanaondolewa. Wote wawili wanafungiwa miaka mitano. Na zabuni inafunguliwa upya kwa kampuni zote, haitengwi tena kwa wanawake." Akamtazama juu ya miwani. "Kwa nini unauliza?"

Msomaji, sogea karibu. Unadhani gauni la Bi Mkasi mwenyewe, lile namba mbili lililokunjwa vizuri mezani, lilishonwa na nani? Sampuli huwa anapewa mshonaji bora. Ndani ya pindo lake nako kulikuwa na mishono miwili. Ya njano.

Akisema, anamzamisha adui na kuzama naye.

"Nilitaka kujua tu," alijibu.

Afisa aliandika kitu kirefu kuliko jibu lile. "Ukaguzi wa karakana," alisoma. "Namba nne, leo saa nane mchana. Namba mbili, kesho saa tatu asubuhi. Na wewe mama, mkataba wako wa pango hukuuambatisha."

"Upo kabatini. Mtauona kesho."

"Tuuone kweli. Bila mkataba hakuna karakana. Bila karakana hakuna zabuni."

Alipofika ngazi za nje, simu yake ikalia. Sauti ya mwanamume, ya haraka, isiyojitambulisha.

"Ofisi ya kodi hapa. Faili lako lina kasoro. Ufike saa nane kamili mchana, wewe mwenyewe, usitume mtu."

Siku nyingine Bi Mkasi angekimbia bila kufunga viatu. Leo aliitia simu kwenye mkoba. Kodi itasubiri. Kulikuwa na wifi wa kuulizwa.

*

Karakana iko juu ya duka la matairi. Unapanda ngazi za chuma zinazolia kila hatua, harufu ya mpira inakusindikiza mpaka katikati, kisha inakupokea harufu ya pasi na kitambaa kipya. Cherehani nane, safu mbili. Vielelezo vya karatasi vya kukatia nguo vimetundikwa misumarini kama ngozi za wanyama waliochunwa. Na katikati, meza ya kukatia.

Meza hiyo haiguswi na mtu mwingine. Mkasi mkubwa wa Bi Mkasi unaning'inia kiunoni mwake kwa utepe, na katika miaka kumi na moja hakuna aliyewahi kukata kitambaa mle ndani isipokuwa yeye. Wenzake wanashona. Yeye anakata. Ndiyo maana jina lake halisi wengi wamelisahau.

"Dada amerudi!" Mama Vifungo alipiga kelele. "Tumeshinda?"

"Bado."

"Huo si uso wa bado. Huo ni uso wa mtu aliyemeza kifungo."

Wengine wakacheka. Wifi hakucheka. Alikuwa kwenye cherehani ya kwanza, dirishani, mguu wake ukikanyaga bila kukosea. Hakuinua kichwa.

"Wifi, mbona umerudi mapema?" alisema. "Si umeitwa ofisi ya kodi?"

Bi Mkasi alisimama palepale.

"Nani kakwambia nimeitwa ofisi ya kodi?"

Mguu wa Wifi ukasimama. Cherehani ikanyamaza. Na kwa kuwa cherehani hiyo ndiyo inayoongoza mwendo wa nyingine zote, nazo zikanyamaza, moja baada ya moja, mpaka ya mlangoni.

"Njoo stoo," Bi Mkasi alisema.

Stoo ni chumba kisicho na dirisha, majora ya kitambaa cheupe yamejaa mpaka darini. Watu wawili wakiingia, lazima watazamane.

"Gauni la namba nne umelishona wewe."

"Nani kasema?"

"Pindo lako limesema."

Wifi alifumba macho. "Njano," alinong'ona. "Mungu wangu. Sikukusudia, wifi. Mkono ulikwenda wenyewe."

"Alikupa nini yule Kalamu Tatu? Simu? Vitenge? Niambie, nijue wifi yangu anauzwaje."

"Hakunipa kitu."

"Basi ulimshonea kwa mapenzi?"

"Sikumshonea yeye. Nilijishonea mwenyewe." Wifi alifumbua macho, na sasa hayakuwa na hofu tena. "Kampuni namba nne ni yangu. Mkurugenzi mwenye udhuru ni mimi. Na udhuru wenyewe ulikuwa huu: nilikuwa hapa, nashona magauni yako."

Bi Mkasi aliegemea jora. Jora likayumba.

"Anakutumia," alisema alipopata pumzi. "Hukuona? Anataka jina la mwanamke kwenye karatasi, kazi aile yeye."

"Nimeona. Mimi si mjinga. Lakini yeye angalau alilitaka jina langu."

"Maana yake nini?"

"Ulipoisajili kampuni yako, fomu ilitaka wenye hisa wawili. Wa kwanza wewe. Wa pili uliandika nani?"

Bi Mkasi aliliweka sawa jora lililoyumba.

"Uliandika kaka yako. Mume wangu! Mtu ambaye hata kifungo cha suruali yake namshonea mimi, naye kaivaa. Hisa arobaini amepewa amelala kwenye kochi, anasikiliza mpira redioni. Mimi nimekaa kwenye kile kiti miaka kumi na moja. Nilikuuliza, wifi. Mara ngapi nilikuuliza?"

"Sikumbuki."

"Mara tatu. Na mara zote tatu ulinijibu neno lile lile, tena huku unacheka. 'Karatasi za nini, wifi? Sisi si ndugu?'"

Nje ya stoo hakuna cherehani iliyokuwa inalia. Saba wote walikuwa wanasikiliza, na hawakujificha.

"Wakati ule kila mlango ulitaka jina la mwanamume," Bi Mkasi alisema. Sauti ilikuwa imemshuka. "Halmashauri. Benki. Msajili mwenyewe aliniuliza mume wako yuko wapi. Ningekuandika wewe, wangetucheka sote wawili."

"Wangetucheka sote wawili, ndiyo. Lakini ningekuwepo."

Bi Mkasi akajaribu mlango mwingine.

"Sawa. Haya tutayamaliza nyumbani, mbele ya mume wako au popote utakapo. Sasa nipe mkataba wa pango. Kesho saa tatu nakaguliwa."

"Mkataba una jina la nani?"

Lo! Kuna mambo mtu huyasahau kwa sababu hayajawahi kumuuma. Mwaka walioupata ukumbi huu, Bi Mkasi alikuwa amelazwa hospitali wiki tatu. Mwenye nyumba hakutaka kusubiri. Wifi alikuja, akatia saini, akachukua funguo, akafagia. Bi Mkasi alipotoka hospitali alikuta sakafu imesafishwa na cherehani ya kwanza imewekwa dirishani. Alimkumbatia wifi yake. Mkataba hakuutazama.

"Nilikwambia tukabadilishe," Wifi alisema. "Ukasema karatasi za nini."

"Kalamu Tatu ameuona?"

"Ameuambatisha. Kwa karatasi, wifi, hapa ulipo ni karakana ya namba nne. Ndiyo maana ulitakiwa uwe mbali saa nane."

Bi Mkasi alitazama saa ya mkononi.

Saa nane kasoro dakika mbili.

Na ngazi za chuma zikaanza kulia.

*

Kalamu Tatu aliingia wa kwanza, kakumbatia bango lililokunjwa. Alikuwa na haraka ya kulitundika kabla ya wageni. Alipolikunjua, ilionekana picha ya mwanamke anayetabasamu, ambaye hakuna mtu mle ndani aliyewahi kumwona maishani.

Kisha akamwona Bi Mkasi.

"Wewe! Si ulitakiwa uwe..."

"Ofisi ya kodi? Faili limepona."

Kabla hajapata la kujibu, Afisa Ugavi alitokea mlangoni, karani nyuma yake na mfuko wa sampuli begani. Afisa akapangusa miwani. Akatazama mara mbili.

"Mama wa namba mbili. Unafanya nini kwenye karakana ya namba nne?"

Mama Vifungo alifungua mdomo kama mtu anayetaka kuimba. Bi Mkasi alimkata kwa jicho.

Maana alikuwa ameshapiga hesabu yake. Akisema hii ni karakana yangu, jengo ni moja. Kifungu cha kumi na tisa. Miaka mitano. Wanawake nane nje, na yeye wa tisa.

"Nimekuja kumtembelea wifi yangu," alisema.

Akawa mgeni katika ukumbi aliousotea nusu ya ujana wake. Hata kiti hakukaribishwa.

"Undugu si kosa," Afisa alisema taratibu. "Kwenye fomu, karakana yako iko mtaa huu huu."

"Iko mtaa huu."

"Kesho utanionyesha." Akageuka. "Haya. Mkurugenzi wa namba nne ni nani?"

"Ni huyu mama," Kalamu Tatu alimsogeza Wifi mbele kwa ncha za vidole. "Ila ni mtu wa haya sana, afisa, niruhusu nimsemee..."

"Sikuja kukagua ulimi wako. Mama, chukua kitambaa. Nikatie gauni moja."

Rangi ilimtoka usoni Kalamu Tatu. Alijua kuwa Wifi anashona. Kukata? Hilo hakulifikiria. Mtu asiyewahi kushika sindano hudhani nguo huzaliwa imekatwa.

Wifi alichomoa kipande cha kitambaa, akakitandaza kwenye meza ya kukatia. Akatafuta huku na huku. Mkasi wa kukatia ulikuwa mmoja tu, na ulikuwa kiunoni mwa mtu.

Akanyoosha mkono.

"Wifi. Naomba mkasi."

Bi Mkasi alifungua utepe. Ulikuwa na fundo la miaka mingi, ukamsumbua. Akauweka mkasi kwenye kiganja cha Wifi, na kiuno chake kikawa chepesi ghafla, kama cha mtu aliyepungua.

Ataharibu, Bi Mkasi aliwaza. Hajawahi kukata hata kona ya leso.

Wifi hakuchukua kielelezo msumarini. Hakuchora kwa chaki. Alipima kwa shibiri, akaanzia bega la kushoto, ulimi kaung'ata kwenye pembe ya mdomo, akakata shingo kwa mzunguko mmoja bila kuinua makali. Mkono wa kwanza. Mkono wa pili. Hivyo hivyo, kipande kwa kipande, kama anavyokata Bi Mkasi. Mpaka ulimi ule kwenye pembe ya mdomo ulikuwa wa Bi Mkasi.

Miaka kumi na moja alikuwa amekaa dirishani akimtazama.

"Kumbe!" Mama Vifungo alipasuka.

Afisa aliinua vipande kwenye mwanga. Akavilaza bega juu ya bega. Vikalingana.

"Nilisema mimi!" Kalamu Tatu alipiga makofi, rangi imemrudi. "Wanawake wangu hawa wanajua kazi!"

"Wako?"

Wifi aliuweka mkasi mezani.

"Afisa," alisema, "kwenye hati za kampuni yangu, huyu bwana ameandikwa wapi?"

Karani alipekua. "Hayumo."

"Hisa?"

"Hana."

"Cheo?"

"Hakuna."

"Basi anafanya nini ndani ya karakana yangu?"

Kalamu Tatu alicheka. Kisha akaona kuwa anacheka peke yake.

"We mwanamke! Umesahau nani alikuandikia hizo karatasi?"

"Sijasahau. Kalamu zako hizo hapo mfukoni. Lakini saini zote ni zangu. Si ndivyo ulivyotaka mwenyewe?"

"Weee!" Mama Vifungo alipiga paja. "Bwana, chukua na shemeji yetu wa kwenye bango, usimsahau!"

Ukumbi ulilipuka. Hata karani alicheka, safari hii bila kujificha. Kalamu Tatu alirudi kinyumenyume mpaka nje ya mlango, bango likiburuzika, jasho likitambaa kwenye kola.

Lakini hakushuka ngazi.

Alisimama pale kwenye kibaraza cha chuma, akaegemea ukuta, na polepole, mbele ya macho ya Bi Mkasi, tabasamu likamrudia.

Afisa alilaza magauni mawili ya sampuli mezani, namba mbili na namba nne, ubavu kwa ubavu. "Nahesabu mashine," alisema, akaenda na karani mwisho wa ukumbi.

Bi Mkasi na Wifi wakabaki na meza katikati yao.

"Cherehani ni zangu," Bi Mkasi alinong'ona. "Zote nane, na unajua nilizipataje. Nikifungua mdomo hapa..."

"Fungua. Jengo moja, fundi mmoja, mtaji mmoja. Tunatoka sote. Miaka mitano. Na zabuni ikifunguliwa kwa kila kampuni, anaichukua nani?"

Wifi alionyesha mlango kwa kidevu.

Ndiyo maana yule bwana alikuwa anatabasamu. Kampuni zake kubwa, zile zenye jina lake, zilikuwa zinasubiri nje ya uzio. Alikuwa amekuja kuchukua kazi kwa jina la mwanamke. Wanawake wawili wakiumana, ataichukua kwa jina lake.

"Na nikinyamaza," Bi Mkasi alisema, "kesho saa tatu nitamwonyesha nini? Ngazi?"

Wifi alikuwa anakunja vipande vya gauni.

"Wifi." Hakuwa mtu wa kuomba, hakujua hata mikono huwekwa wapi. "Niandike. Kwenye hiyo kampuni yako. Hata hisa kumi. Jina langu liwepo tu."

Wifi aliinua macho. Yalikuwa yamejaa machozi, na hakuyafuta.

"Karatasi za nini, wifi?" alisema polepole. "Sisi si ndugu?"

Hatua za Afisa Ugavi zilirudi. Alifunga daftari, akalifungua tena, kwenye ukurasa wa asubuhi.

"Mama wa namba mbili," alisema. "Kule ukumbini uliniuliza swali. Sampuli mbili, mkono mmoja. Njia nzima limekuwa linanikera. Ulikuwa na maana gani?"

Hakuna cherehani iliyolia. Mama Vifungo alikuwa ameziba mdomo kwa viganja viwili. Mlangoni, Kalamu Tatu alichomoa kalamu moja mfukoni, kwa mara ya kwanza, akaanza kuichezesha vidoleni.

Bi Mkasi aliuokota mkasi wake. Mpini ulikuwa na joto la mkono wa Wifi.

Kwa mkono wa kushoto akalivuta gauni namba mbili, lake mwenyewe. Kidole gumba kikapita ndani ya pindo, kikateleza taratibu mpaka kwenye kona, kikagusa mishono miwili aliyoijua bila kuitazama.

"Nilikuwa na maana hii," alisema, na akaanza kuligeuza.